Mjadala: MR-S, S2000 na wenzao wa viti viwili na paa wazi hawatengenezwi tena. Uganda iwafungulie mlango?

Paa Wazi, Kampala

Hoja ni hii. Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya 2018 yalizuia kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa mwenye Toyota ya familia kama Wish au Premio huo ni usumbufu tu: hii ikikataliwa, atatafuta iliyotoka miaka ya mbele. Kwa gari la viti viwili lililofutwa kiwandani, ni hukumu ya milele. Toyota MR-S ya mwisho ilitoka 2007. BMW Z4 ya mwili wa E85 iliishia 2008, Honda S2000 ikaishia 2009. Hakuna ya mbele ya kutafuta. Kila moja inayobomoka kwenye barabara ya Jinja inapunguza zilizopo, na hakuna inayoingia kuziba pengo.

Napendekeza Bunge litoe kibali maalumu: viti viwili tu, modeli iliyokwisha kuachwa, gari moja kwa mtu mmoja kila miaka mitano, na marufuku kulitumia kibiashara. Marekani huyazuia magari ya nje yasiyotimiza viwango vyao mpaka yafike miaka 25, halafu huyaachia. Ujerumani, gari la miaka 30 lililotunzwa katika hali yake ya asili hupewa namba yenye herufi H na kodi nafuu. Sisi tunaliona gari likizeeka tunalifungia mlango, basi. Mnaounga mkono na mnaopinga, karibuni.

Wakala wa Forodha, Malaba

Napinga, na si kwa chuki ya magari mazuri. Ndugu Paa Wazi, "viti viwili" kwenye makaratasi ya forodha si kitu. Gari la abiria hupangwa kwa aina na ukubwa wa injini, hakuna mstari wa "paa wazi". Pikapu ya kabini moja ina viti viwili. Vani ya mizigo nayo ina viti viwili. Ukiandika sheria hivyo, mwezi wa pili utaona gari la milango mitatu limeng'olewa kiti cha nyuma, tundu za bolti zimezibwa kwa zulia, na mwenye nalo anadai kibali.

Halafu kuna suala la mwaka. Cheti cha Japani huonyesha mwezi wa usajili wa kwanza, ilhali sheria yetu inauliza mwaka wa kutengenezwa. Gari lililokaa yadi miezi kadhaa kabla ya kusajiliwa lina tarehe mbili, na modeli inayokaribia kufutwa ndiyo inayokaa yadi kuliko zote. Mabishano ya namna hiyo tunayo tayari hata bila kibali chako. Na msisahau kodi: VAT ya 18%, kodi ya zuio ya 6%, ushuru wa forodha na tozo ya mazingira, vyote vikihesabiwa juu ya thamani. Gari adimu ambalo bei yake haijulikani sokoni ni mvutano mtupu. Unasema lilinunuliwa kwa bei ya chakavu, ofisa anaona gari la michezo.

Kijana wa Mbarara

Mnalaumu Bunge bure. Aliyetutupa ni Toyota. Walikuwa na gari zuri, jepesi, bei yake nafuu, wakaliua ili watuuzie SUV. Honda vilevile. Wangetaka wangeendelea.

Mhandisi, Jinja

Mdogo wangu, hapana. Fanya hesabu. Honda ilitengeneza S2000 takribani 110,000 kwa miaka kumi, yaani kama 11,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Mazda MX-5 ilifikisha milioni moja Aprili 2016, miaka 27 baada ya kuanza, wastani wa 37,000 kwa mwaka. MX-5 bado ipo, S2000 haipo. Sababu kubwa iko hapo.

Gari la viti viwili lisilo na paa gumu haliwezi kuazima mwili wa gari lingine kirahisi. Ukiondoa paa, umeondoa sehemu kubwa ya uimara, kwa hiyo sakafu, kingo za chini ya milango na fremu ya kioo cha mbele lazima zisanifiwe upya. Hiyo ni mitambo yake ya kukanyagia bati, majaribio yake ya ajali, na paa lenye mota na bawaba ambazo hazitumiki popote pengine. Gharama hizo zikigawanywa kwa magari 37,000 kila mwaka zinavumilika. Zikigawanywa kwa 11,000, kila toleo jipya la kanuni linakuwa swali la kufa au kupona: mifuko ya hewa, kelele, moshi, kamera. Tangu Julai 2024 Umoja wa Ulaya unadai kila gari jipya litimize kanuni ya ulinzi wa mifumo ya kompyuta, na Porsche ikaona heri kuiondoa 718 ya petroli, gari lake la viti viwili, katika soko hilo kuliko kuibadilisha. Vigari vya viti viwili navyo: Honda ilifunga S660 Machi 2022, Daihatsu ikafunga Copen Agosti 2024. Yote hayo hayana usaliti ndani yake.

Wanaosalimika huchangia gharama. MX-5 ya sasa ilizaa Fiat 124 Spider, zote zikiundwa Hiroshima. BMW Z4 ya 2018 ilichangia mifupa na Toyota Supra. Wengine hufa kwa msiba wa nyumba nzima: Pontiac Solstice na Saturn Sky zilikwenda 2009 pamoja na majina yao na kiwanda chao cha Wilmington, General Motors ilipofilisika.

Lawama pekee ninayoikubali ni ya spea. Mazda ilitangaza 2017 kwamba itazifufua MX-5 za kwanza, ikarudisha hata turubai la paa na tairi za 185/60R14 zenye michoro ya enzi zile. Wengine wangeweza kuiga.

Fundi wa Ndeeba

Sasa tuje kwenye chuma, maana naona mnabishana kana kwamba magari haya ni mamoja. Gari lililofutwa linaweza kuishi au lisiweze kutegemea kile lilichokopa kutoka kwa ndugu zake.

MR-S: injini ni 1ZZ, ndugu ya ile iliyo kwenye Wish ya 1.8, Premio na Allion za 1.8 za kizazi kile. Imejaa Kampala. Ugonjwa wake unajulikana. Injini za miaka ya mwanzo zina pistoni ambazo matundu yake ya kurudisha oili ni madogo. Yakiziba kwa masizi, ringi za oili zinakwama na injini inaanza kunywa oili. Ikifika lita moja kwa kilomita 1,000, usidanganywe na oili nzito. Oili inayoungua inaharibu katalisti (visafisha moshi) ndogo mbili zilizo ndani ya manifoldi ya ekzosi, sega lake linamomonyoka, na vumbi la kauri linavutwa kurudi kwenye silinda. Hapo kuta zinakwaruzwa na mchezo umekwisha.

Kabla hujanunua, fungua sensa mbili za oksijeni kwenye manifoldi, piga tochi ndani ya tundu. Sega likiwa zima, vijumba vimenyooka. Ukiona pengo, kona iliyolika au unga, hesabu kwamba injini imeshakula. Kisha pima mgandamizo: plagi zote nne nje, mafuta yamekatwa, throtli imefunguliwa kabisa, betri yenye nguvu. Tofauti kati ya silinda isizidi bar 1. Usifananishe namba za Kampala na kitabu moja kwa moja, hapa tuko mita 1,200 juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Linganisha silinda kwa silinda.

Injini ikifa, unanunua ya Wish, lakini usiibandike ilivyo. Hamisha kutoka MR-S yako manifoldi zote mbili, throtli, mabano ya mauntini, waya na sensa zake. Injini ya Wish inakuja na sahani ya giaboksi ya otomatiki. Itoe, funga flaiwili ya MR-S kwa bolti mpya, na klachi mpya ukiwa hapohapo, kwa sababu kuishusha tena ni kazi ya siku nzima. Oili ni lita 3.7 pamoja na chujio. Maji ndipo wengi wanapoharibu: rejeta iko mbele, injini nyuma, mabomba marefu yanapita chini. Weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza polepole, iache injini iwake mpaka feni izunguke na kuzima mara mbili, kisha ongeza. Ukiharakisha, hewa inabaki, geji inaonyesha kawaida, na gasketi ya kichwa inaungua ukiwa unapanda kwenda Fort Portal.

S2000 ni kinyume. Injini yake, F20C, haimo ndani ya gari lingine lolote. Kuta za silinda ni za mchanganyiko wa nyuzi na alumini, kwa hiyo mchongaji wa kawaida akikuambia ataichonga na kuitia pistoni za ukubwa mwingine, chukua injini yako uondoke. Inazunguka hadi mara 9,000 kwa dakika, na anayeshusha gia kutoka ya nne akaangukia ya pili huivunja palepale: vishikizo vya springi za valvu vinapasuka. Sampu, yaani karai la oili, ni lita 4.8, kijiti kiangaliwe kila unapojaza petroli. Ndugu Paa Wazi, hata ukipewa kibali cha kuleta S2000 kumi, bila injini za akiba umeleta mapambo kumi.

Wakala wa Forodha, Malaba

Fundi, umesema kweli ila umeruka jambo. Kila mwenye MR-S mjini anajua dawa ya zile katalisti ndogo: nondo na nyundo, sega lote linavunjwa na kumwagwa. Halafu mnaenda Bungeni kuomba msamaha wa sheria iliyotungwa kwa ajili ya hewa? Mtajibu nini mbunge akiuliza?

Fundi wa Ndeeba

Nitamjibu hivi. Katalisti kubwa iko nyuma ya zile mbili na inabaki. Zile za mbele kazi yake kubwa ni dakika za mwanzo, injini ikiwa baridi. Moshi utaongezeka asubuhi, sikatai. Lakini injini inayokunywa lita moja kwa kilomita 1,000 inatoa moshi siku nzima. Na sega lililoanza kumomonyoka halirudi. Aliye na pesa anunue manifoldi ya chuma cha pua iliyochomelewa vizuri, aiache katalisti kubwa ilipo. Anayeitoa hata ile kubwa ili gari lipige kelele, huyo simtetei.

Wakala wa Forodha, Malaba

Basi kibali kiwe na kipimo cha moshi kila mwaka. Bila hicho sikubali hata nusu.

Mama Spea, Kisekka

Wanangu, mnagombania injini na injini ndiyo rahisi. Niwaambie kinachorudisha watu mikono mitupu: raba za milango, raba ya juu ya kioo cha mbele, vifungio vya turubai, taa, kioo cha pembeni, bampa la mbele. Hivyo ndivyo vitu ambavyo gari halikuazima kwa gari lingine. Pedi za breki za MR-S utapata, bushi utapata, plagi na chujio utapata siku hiyohiyo. Taa ya mbele ikipasuka utangoja mtu avunje gari lake.

Kwa wenye Mercedes SLK, shida zenu ni ndogo kuliko mnavyolia. Injini ya Kompressor ya mwili wa R170 ni ya C-Class, spea zimejaa. Paa likigoma, kabla hujanunua pampu angalia pazia la buti: lisipofungwa hadi likalie kwenye kishikio chake, kompyuta hairuhusu paa kusogea. Watu wamelipishwa pampu kwa sababu ya pazia. Likisogea kisha likaacha matone ya mafuta juu ya kichwa, hapo ni sili za silinda za haidroliki. Sili hubadilishwa, silinda nzima si lazima.

Z4 ya E85, mota ya paa imewekwa chini kabisa upande wa kushoto, nyuma ya kiti, ndani ya mfereji wa maji ya mvua. Majani na vumbi vikiziba tundu, mfereji unajaa na mota inazama. Dalili: paa linaanza kwenda polepole, linasimama nusu. Kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Septemba, fungua paa nusu, mwaga kikombe cha maji kila upande na uangalie kama yanatoka chini ya gari. Hayatoki? Waya laini wenye ncha ya mviringo, taratibu, kisha maji tena. Usitumie upepo wa kompresa kwa nguvu, unang'oa mrija ndani na hutajua mpaka zulia linuke. Mota mpya ihamishiwe ndani ya buti, mahali pakavu.

Na tairi! MR-S za mwanzo ni 185/55R15 mbele na 205/50R15 nyuma. Ya nyuma ni adimu, basi watu wanafunga ukubwa wa mbele magurudumu yote manne. Gari lenye injini nyuma ukiliwekea tairi nyembamba nyuma, kona ya kwanza yenye mvua linakugeuza. Heri ubadilishe rimu, tundu ni 4x100 (bolti nne kwenye duara la milimita 100), zipo nyingi.

Mshona Turubai, Katwe

Niongeze la paa, kwa sababu hapa ndipo tunapoweza kujitegemea bila Bunge wala Japani. Turubai la MR-S au MX-5 linashonwa Kampala. Linaharibika kwa mambo manne. Uzi wa pamba: jua letu linaula haraka, tumia uzi wa polyesta unaostahimili jua. Kitambaa cha turubai la lori: ni kinene, hakikunjiki, kinavunja bawaba. Kipimo kilichochukuliwa kwenye turubai la zamani lililolegea: fumua la zamani, lilaze siku moja, pima kwa mistari ya mshono, si kwa kingo. Na waya za kukaza za pembeni, ambazo fundi asiyejua huzitupa. Bila hizo turubai linapeperuka ukifika kilomita 80 kwa saa na mvua inaingia juu ya kioo cha mlango.

Kioo cha nyuma gundisha kwa gundi ya polyurethane ile ya vioo vya mbele, acha masaa 24 paa likiwa limefungwa. Raba zipakwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida na mafuta ya kujipaka yanazivimbisha.

Paa Wazi, Kampala

Nakubali kuhusu mlango wa forodha, maneno "viti viwili" hayatoshi. Nabadilisha: orodha ya modeli kwa jina na msimbo wa chesisi, ZZW30 (MR-S), AP1 na AP2 (S2000), E85 (Z4), na nyingine chache. Kama si gari zima, basi turuhusiwe kuleta mwili wa gari usio na injini kwa ajili ya spea.

Wakala wa Forodha, Malaba

Orodha ya misimbo ni bora mara kumi. Mwili mzima siupendi. Mwili mzima una namba ya chesisi, na palipo na mwili wenye namba pana mtu atakayehamisha kadi ya usajili ya gari lililokufa. Ukatwe nyuma ya kioo cha mbele na uingie kama spea, hapo sina neno.

Fundi wa Ndeeba

Mzee wa Malaba, ukiukata nyuma ya kioo cha mbele umeharibu hasa kile tunachokitaka: fremu ya kioo, kingo za chini na nguzo ya bawaba. Kwa gari lisilo na paa hizo ndizo mifupa. Iliyokatwa na kuchomelewa, mlango haufungi sawa na kioo kinapasuka chenyewe kwenye matuta.

Wakala wa Forodha, Malaba

Basi namba ya chesisi ikatwe na kukabidhiwa mpakani, mwili ubaki mzima. Hilo naweza kulitetea.

Kijana wa Mbarara

Mama Spea, umesema tungoje mtu avunje gari lake. Kuna watu wananunua MR-S zinazotembea ili wazivunje. Hao mbona hamuwasemi?

Mama Spea, Kisekka

Nawasema. Gari likivunjwa, taa na turubai zinalipa kuliko gari zima, ndiyo maana wanavunja. Hilo ndilo linanifanya niunge mkono miili ya spea kuliko kibali cha magari. Miili mitano ikiingia, bei ya taa inashuka, na hakuna atakayeona faida kulivunja gari linalowaka. Kibali cha magari mazima kitaleta magari matano yanayohitaji taa zilezile.

Mhandisi, Jinja

Na aliye na Toyota Runx yenye injini ya 2ZZ iliyobondeka asiitupe. Injini hiyo inaingia kwenye MR-S pamoja na giaboksi yake ya gia sita. Mauntini ya upande wa injini yanahitaji kurekebishwa, kompyuta iende na waya zake. Oili lita 4.4. Injini za mwanzo zina bolti mbili za mhimili wa roka ambazo hulika na kuvunjika. Ikiwa nguvu haziji ukipita 6,000, fungua kifuniko cha juu uziangalie kabla hujalaumu kitu kingine.

Paa Wazi, Kampala

Naandika upya ombi: misimbo ya chesisi, miili ya spea yenye namba iliyokatwa mpakani, kipimo cha moshi kila mwaka kwa magari yaliyopo. Kibali cha magari mazima nakiacha kama kifungu cha pili, mbunge akikikataa, cha kwanza kisianguke nacho. Mzee wa Malaba, utakisoma kabla sijakipeleka?

Wakala wa Forodha, Malaba

Nitakisoma. Kifungu cha pili nitakipinga hadharani, jiandae.